Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji wa Historia

Ndugu wanachama, nawasalimu na kuwashukuru mliofika.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vilifanyika, maktaba imehamia chumba cha nyuma, na waliofiwa tuliwachangia. Hesabu kamili atasoma mweka hazina. Kwa ufupi, tuko wanachama 46, waliolipa ada ni 19, zimeingia shilingi 28,500 na kutoka 31,200. Pengo nimeliziba mimi, na sijadai.

Sasa nije kwenye lililozua maneno. Kamati ilipitisha mada ya mwaka iwe kuinuka kwa ufashisti Italia, na tukatundika ukumbini nakala ya ukurasa wa kwanza wa Il Popolo d'Italia, gazeti la Mussolini, kiongozi wa mafashisti hao. Wapo waliosema tunawapigia debe mafashisti, na wapo waliouliza mambo ya Wazungu yanatuhusu nini. Uamuzi ulikuwa wa kamati nzima na kumbukumbu zipo, ingawa wazo lilikuwa langu na silikani. Tafsiri pia niliifanya mimi, bila malipo.

Ukurasa ule ulitundikwa usomwe. Kando ya jina la gazeti kuna misemo miwili: wa Blanqui, mwanamapinduzi wa Kifaransa, kwamba mwenye chuma, yaani silaha, ana mkate, na wa Napoleon, kwamba mapinduzi ni wazo lililopata singe. Gazeti lilianza Milano, Novemba 1914, likijiita la kisoshalisti, na mwezi huohuo Wasoshalisti wakamfukuza Mussolini chamani kwa kutaka Italia iingie vitani. Pesa zilitoka kwa wenye viwanda na kwa Wafaransa. Mwaka 1917 hata majasusi wa Uingereza walimlipa pauni 100 kwa wiki. Tarehe 15 Aprili 1919, wiki chache tu baada ya kuanzisha kundi lake la kifashisti, wafuasi wake walivamia ofisi za Avanti!, gazeti la Wasoshalisti alilowahi kulihariri yeye mwenyewe, wakazichoma moto na kumpelekea kibao cha jina la gazeti hilo kama nyara. Sasa niambieni, hilo utalielezaje bila kuonyesha gazeti?

Kwenye uchaguzi wa Novemba 1919 mafashisti hawakuambulia hata kiti kimoja. Waliowainua ni wenye mashamba wa bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia, waliochoshwa na vyama vya vibarua. Kuanzia mwishoni mwa 1920 walitoa pesa na malori. Vijana wa kifashisti wenye mashati meusi walishuka vijijini, wakachoma ofisi za wafanyakazi, wakawapiga viongozi marungu na kuwanywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu. Polisi mara nyingi walitazama kando, na magazeti ya mafashisti yakauita ukatili huo uzalendo. Mei 1921 Waziri Mkuu Giolitti aliwaweka kwenye orodha yake ya wagombea, akidhani atawafuga, wakapata viti 35. Oktoba 1922 waliandamana kuelekea Roma, mfalme akakataa kutia sahihi amri ya hali ya hatari, na Mussolini akapewa serikali.

Kwa wale wa "yanatuhusu nini": De Vecchi, mmoja wa wanne walioongoza maandamano hayo, ndiye aliyekuwa gavana wa Somalia ya Waitaliano kuanzia 1923 hadi 1928. Uingereza ilipoimega Jubaland kutoka Kenya na kuwapa Waitaliano mwaka 1925, kwanza ilikuwa koloni la pekee, na mwaka 1926 ikaunganishwa na Somalia chini ya utawala wake.

Nasikitika kuhusu mahudhurio. Kikao cha Matteotti, mbunge aliyetekwa Roma tarehe 10 Juni 1924 na kuuawa baada ya kuushutumu bungeni wizi wa kura, tulikuwa saba, mmoja akiwa mlinzi wa ukumbi. Walioandika barua za malalamiko sikumwona hata mmoja wao, na kati yao waliolipa ada ni wawili.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia safari ya Mai Mahiu kuliona kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili, na pengine kuchapisha kijitabu, hali ya fedha ikiruhusu. Ukurasa utabaki ukutani mpaka kamati ikae tena. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti