Sura moja kila jioni

Machame, 28 Desemba

Rafiki yangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Barua yako ilinikuta Dar es Salaam siku mbili kabla hatujapanda basi la kuja huku, na sasa nimeisoma tena nikiwa barazani kwa mama mkwe, watoto wakiwa wameshuka mtoni na binamu zao. Unaniuliza tuliwezaje kudumisha usomaji wa Biblia wa kila jioni, ilhali kwako jaribio lilikufa baada ya wiki mbili: mmoja alisinzia, mwingine akang'ang'ania simu, na baba yao akawa na kikao kila siku. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hilo lilinitesa mimi kabla yako.

Kwanza ujue kwamba nasi tulianza vibaya. Tuliazimia siku ya mwaka mpya kusoma Biblia nzima, tangu Mwanzo hadi Ufunuo, bila kuruka hata mstari. Ibrahimu alitupeleka vizuri, Yusufu na ndugu zake wakatufanya tuchelewe kula, lakini tulipofika kwenye nusu ya pili ya Kutoka, penye vipimo vya maskani, ile hema ya ibada, mbao za mshita na vitako vyake vya fedha, wavulana waliangua kicheko kwa neno hilo na baba yao akakasirika. Tangu jioni ile ikawekwa sheria kwamba anayecheka au kusinzia atasoma sura mbili peke yake. Hatukuona wakati ule kwamba tulikuwa tumeligeuza Neno kuwa fimbo. Mambo ya Walawi hatukuyafikia. Mwezi wa tatu Biblia ilirudi kabatini na hakuna mtoto aliyeuliza imekwenda wapi.

Kilichotuokoa ni Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi. Mzee mmoja wa usharika wetu alinidokezea jambo ambalo pengine wewe unalijua, kwamba Injili ya Luka ina sura 24, hivyo nyumba inayoanza jioni ya tarehe 1 Desemba na kusoma sura moja kwa siku inaimaliza mkesha wa Krismasi. Tukajaribu. Msomaji alikuwa mtoto, si mzazi, na zamu ilikwenda kwa umri. Sisi wakubwa tulikatazwa kuhubiri. Maswali yaliruhusiwa, na tusiyoweza kuyajibu tuliyaandika kwenye daftari. Tuliweka pia mishumaa minne kwenye sinia la mchanga lililozungushiwa matawi ya mkrismasi, tukiwasha mmoja Jumapili ya kwanza, miwili ya pili, na kuendelea. Niliwaeleza watoto kwamba desturi hii ilianzia Hamburg mwaka 1839, katika makao ya watoto maskini yaliyoongozwa na mchungaji Johann Hinrich Wichern, ambaye alichoka kuulizwa kila siku kama Krismasi imefika, akachukua gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa, mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kawaida, ili watoto wahesabu wenyewe. Kitinda mimba wangu, ambaye naye hachoki kuuliza, alimwelewa Wichern mara moja. Zaidi ya hayo, umeme ulipokatika, kama ulivyozoea kukatika, sisi tulikuwa na mwanga tayari.

Mpango huo una kasoro moja ya kuchekesha. Mkesha wa Krismasi, nchi nzima inapojiandaa kumwimbia mtoto mchanga, wewe unasoma sura ya 24, kaburi liko wazi na wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau. Mwaka wa kwanza binti yangu alilalamika kwamba mtoto hajazaliwa na tayari amefufuka. Basi tukakubaliana kuwa tukimaliza sura ya mwisho, aliye mdogo kuliko wote anarudi kwenye sura ya pili na kusoma mistari 20 ya kwanza. Sasa mimi naona mpangilio huo una maana kuliko ule tulioukusudia, maana unapoyasikia maneno ya malaika kwa wachungaji mara tu baada ya Emau, huyasikii kama hadithi ya watoto tena.

Kuhusu mistari hiyo 20 sina budi kukusimulia ya mwaka huu. Wanangu wamezaliwa Kimara, na kwao ng'ombe ni kitu cha kuonwa kupitia dirisha la basi baada ya Chalinze. Kila mwaka walipofika kwenye "hori ya kulia ng'ombe" walilisoma neno hilo kama jina la mji. Safari hii mama mkwe alimsimamisha msomaji, akachukua tochi, akatuongoza sote kwenye banda nyuma ya jiko, walipofungwa ng'ombe wawili, kwa maana huku kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya ukoo, hakuna malisho na majani hukatwa na kuletwa bandani. Akampa mtoto fungu la majani aliweke horini. Ng'ombe akapumua, mtoto akaruka nyuma, akauliza kama Yesu hakuogopa. Bibi akamjibu kwamba yeye mwenyewe akiwa mdogo alilala katika nyumba ya msonge ya babu yake, ng'ombe wakiwa ndani humo humo, na joto lao lilikuwa blanketi. Kisha tukarudi sebuleni na kumalizia kusoma. Nimesikiliza mahubiri ya Krismasi kwa zaidi ya miaka 30, na sikumbuki lililonifikia kama jibu lile.

Bibi huyo, nikuambie, haoni herufi tena. Biblia yake ni Union Version, tafsiri iliyotoka mwaka 1952 kwa kuunganisha kazi za wafasiri wa Unguja na wa Mombasa, na jalada lake limeshonewa kitambaa cha kanga. Ndani yake yameandikwa majina ya watoto wote wa nyumba hii, siku za ubatizo na kipaimara, na siku za waliotangulia. Mjukuu mmoja alipotaka kusoma kutoka kwenye simu, tafsiri ya Habari Njema, bibi alimwacha aende mistari mitatu, kisha akaanza kuyatamka maneno ya tafsiri yake aliyoyahifadhi moyoni, sauti zao zikawa zinapishana. Mimi sishiki upande. Mtoto anaielewa zaidi ile ya simu. Ila naona haya kwamba ile ya kanga siijui kwa moyo hata robo ya aijuavyo bibi.

Karamu ya Krismasi haihitaji maelezo marefu: mbuzi, machalari ya ndizi na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ambayo haimiminwi mpaka tumalize kusoma, sheria inayowafanya wajomba wawe wasikilizaji hodari. Lakini liko jambo lililotokea asubuhi yake. Ndugu wawili wa ukoo huu walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Kabla ya ibada, mdogo alikuja uani akiwa ameshika jani la isale, ambalo kwa Wachaga akuleteaye anaomba msamaha na ni vigumu sana kumkatalia. Mkubwa alilipokea bila kusema neno, wakaenda kanisani pamoja. Sitadai kwamba Luka ndiye aliyewapatanisha, kwani wazee walikuwa wamewaendea tangu Oktoba. Watoto, hata hivyo, waliliona jani lile, na jioni wakauliza kama yule kaka mkubwa katika habari ya mwana mpotevu naye aliletewa isale.

Sasa nyumbani kwako. Usiige ya kwetu yote. Wewe ni Mmoravian wa Rungwe, na kanisa lako ndilo lililoupa ulimwengu neno la siku, kile kitabu kidogo kinachochapishwa tangu mwaka 1731, kilipoanzia Herrnhut huko Ujerumani, ambacho hata sisi Walutheri tunakitumia. Mstari mmoja wa Agano la Kale na mmoja wa Agano Jipya unaweza kusomwa hata na baba anayetoka kikaoni saa tatu usiku. Anzeni na hicho Januari, muiache Luka mpaka Desemba. Na Pasaka muwapeleke watoto alfajiri makaburini kama mlivyozoea kwenu. Ulinisimulia tukiwa shule jinsi tarumbeta zilivyokuwa zikilia gizani, na mpaka leo nawaonea wivu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ukurasa wa maswali kutoka daftari letu ambayo hatujapata majibu, likiwamo lile la isale. Msomee mumeo, kwa kuwa yeye alikuwa hodari wa Biblia kuliko sisi sote, mniandikie atakachosema. Tunarudi Dar es Salaam tarehe 3.

Rafiki yako wa bweni moja