Saini ya ridhaa pekee haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jinsi tunavyopima ubora wa tafiti za afya zinazofanywa miongoni mwa watu wa asili. Wahakiki wamezoea kuuliza kama washiriki walitosha, kama takwimu zilichanganuliwa sawasawa na kama kila mshiriki alitia saini fomu ya ridhaa. Sipingi maswali hayo, ila utafiti unaweza kuyajibu yote vizuri na bado ukawa umewadhulumu watu uliowachunguza.

Wahavasupai wa Arizona, Marekani, wanalijua hilo. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakiamini kwamba kinachotafutwa ni chanzo cha kisukari kilichokuwa kimewaandama. Miaka mingi baadaye waligundua kwamba damu hiyohiyo ilitumika pia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuzaliana kwa ndugu na safari za mababu zao wa kale, mada ambazo hawangeziridhia kamwe, hasa ile ya mwisho, kwa kuwa mapokeo yao yanasema chimbuko lao ni korongo lilelile wanamoishi. Saini zilikuwepo, tena chini ya fomu yenye maneno mapana kiasi cha kubeba karibu ugonjwa wowote. Kesi ilimalizika kwa suluhu mwaka 2010: chuo kikakubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyosalia.

Watafiti wa Australia wametunga kipimo chenye maswali 14 ambacho, pamoja na mengine, huuliza kama hitaji linaloshughulikiwa lilitajwa na jamii yenyewe, na kama yapo makubaliano ya kulinda mali yake ya kitamaduni. Nakiunga mkono, ingawa kina ugumu wake. Mhakiki husoma makala tu, na makala nyingi hazisemi lolote kuhusu makubaliano hayo. Hivyo hawezi kujua kama hayakufanyika au yalifanyika yakaachwa nje kwa kukosa nafasi. (Nikiri pia kwamba idhini ya wazee wa baraza si lazima iwe sauti ya wanawake na vijana, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya ridhaa ya mtu binafsi.)

Wasan, watu wa asili wa Afrika Kusini, hawakungoja wahakiki. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe, na mtafiti anayewaendea anatakiwa kuzifuata. Majarida nayo yanaweza kudai kwamba kila mswada wa namna hii uambatane na nakala ya makubaliano na jamii, inayoeleza sampuli zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani ataombwa ruhusa zikihitajika kwa swali jipya. Mswada usio na nakala hiyo urudishwe kwa mwandishi kabla haujafika kwa wahakiki.

Wako,
Msomaji