Maganda ya matunda yarudi bustanini, yasiishie dampo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jinsi mabaki ya matunda yanavyoweza kugeuzwa mbolea ya bustani hapa Dar es Salaam, na kwa nini naamini kwamba ushauri unaosambazwa sana siku hizi kuhusu jambo hili unawapotosha watu wenye nia njema. Ushauri wenyewe ni huu: loweka maganda ya ndizi kwa siku chache, chuja, mwagilia mimea, nawe utakuwa umepata mbolea kamili isiyo na gharama. Nimewaona majirani wakiufuata kwa bidii, nyanya zao zikaendelea kuwa na majani ya njano, ndoo zikajaa inzi, nao wakaamua kwamba mbolea ya asili haifai kitu. Uamuzi huo unanisikitisha, kwa sababu maganda hayana kosa lolote; kilichokosewa ni njia.

Ganda la ndizi lina potasiamu kwa wingi, na kwa kuwa madini hayo yamo katika majimaji ya ganda, sehemu yake huingia kweli ndani ya maji ya kulowekea. Lakini mchicha, matembele na sukuma wiki huhitaji kwanza naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ambayo ganda la ndizi linayo kidogo, na hicho kidogo kimefungwa ndani ya protini ambazo maji matupu hayawezi kuzivunja katika siku tatu. Kazi ya kuzivunja ni ya bakteria, kuvu na wadudu wadogo wa udongoni, na viumbe hao wanataka muda, hewa, unyevu wa kiasi na chakula kilichochanganywa vizuri. Ndiyo maana maganda hayana budi kuozeshwa mpaka yawe mboji kabla ya kutegemewa kulisha bustani.

Ugumu wa matunda uko kwenye maji yake. Tikiti maji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na embe, nanasi na papai hayako mbali. Mtu akiyarundika mabaki hayo peke yake, yanalaliana, hewa inakwisha katikati, kisha bakteria wasiohitaji hewa wanashika kazi na kuleta uvundo ambao majirani hulalamikia kwa haki kabisa. Dawa yake ni vitu vikavu: majani yaliyopukutika ya mwembe, mkorosho au mkungu, nyasi zilizokauka, mabua ya mahindi, maboksi yasiyong'aa yaliyochanwachanwa, na maranda kidogo kutoka kwa seremala. Nasisitiza kidogo, kwa sababu mbao ina kaboni nyingi mno, ile inayopatikana kwa wingi katika vitu vikavu, na maranda yakizidi, viumbe wanaoozesha huimaliza naitrojeni yote iliyopo wakihangaika na kaboni hiyo, na lundo hukaa miezi mingi bila kubadilika. Wataalamu wa udongo husema kuwa uozaji huenda vizuri pale kaboni inapokuwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mwenye bustani hahitaji maabara kuipata hesabu hiyo. Akiweka ndoo moja ya maganda yaliyokatwakatwa kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu, na akaongeza samadi ya kuku au ya ng'ombe kama anaipata, atakuwa amekaribia vya kutosha.

Lundo lenyewe, kama nafasi ipo, liwe na urefu, upana na kimo cha takriban mita moja, kwa sababu likiwa dogo zaidi ya hapo halihifadhi joto. Likikaa sawasawa, katikati yake hufikia nyuzi joto 55 hadi 65, kiwango kinachoua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ligeuzwe kila baada ya wiki moja au mbili ili sehemu za nje nazo ziingie ndani kwenye joto. Kuhusu maji, shika konzi ya mchanganyiko na uiminye: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha, yakichuruzika, ongeza majani makavu, ikipukutika mkononi, nyunyizia maji. Masika lifunikwe kwa turubai au makuti, kwa maana mvua za Dar es Salaam huweza kulilowesha lundo zuri likawa tope kwa usiku mmoja. Kwa joto letu la pwani, miezi miwili au mitatu inatosha kulifanya jeusi na jepesi, lenye harufu ya udongo, na kimo chake kikiwa kimepungua kwa nusu au zaidi. Mwenye mashaka apande mbegu chache za mchicha katika kopo la mboji hiyo. Zikichipua na kukua bila kuungua, mboji imeiva.

Yako mambo machache ambayo walimu wa mitandaoni huyaruka. Embe lenye funza lisitupwe lundoni moja kwa moja, wala lisifukiwe juujuu. Inzi wa matunda kutoka Asia, ambaye aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na tangu hapo amewatia hasara kubwa wakulima wa maembe, hukamilisha ukuaji wake ardhini, kwa hiyo anayefukia maembe hayo kwenye udongo wa juu anamlea adui wa mwembe wake mwenyewe. Maembe ya namna hiyo yafungwe kwanza ndani ya mfuko mweusi wa nailoni na kuachwa juani siku kadhaa mpaka funza wafe, ndipo yaingie katikati ya lundo lenye joto. Kokwa za embe na makumbi ya nazi huchukua muda mrefu mno, hivyo ni afadhali kuzitenga. Maganda ya machungwa na malimau, ambayo wengi huyaogopa, hayana madhara yakikatwa vipande vidogo na kuchanganywa na vingine. Nyama, samaki na mafuta ya kupikia visiingie kabisa, la sivyo panya watahamia hapo.

Anayeishi katika nyumba ya kupanga asiye na uwanja naye hajafungiwa mlango. Akiwa na tuta moja tu nyuma ya nyumba, achimbe mtaro wa kina cha sentimita 30 pembeni ya mimea, amwage maganda pamoja na majani makavu, afunike kwa udongo, na apande juu yake baada ya miezi michache. Njia hii ni ya polepole, lakini haina harufu wala haihitaji kugeuzwa.

Sitaki kuahidi makubwa. Mboji huwa na naitrojeni ya asilimia moja au mbili hivi, wakati urea, mbolea ya viwandani, inayo asilimia 46, kwa hiyo mkulima wa ekari nyingi za mahindi hawezi kuishi kwa maganda ya nyumbani. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya jiji letu ni kichanga, na kichanga hakishiki maji wala mbolea. Urea unayoimwaga leo huweza kusombwa na mvua ya kesho. Mboji ndiyo inayokipa kichanga uwezo wa kushika vyote viwili, jambo ambalo mfuko wa dukani haufanyi. Mwaka 2022 bei ya mbolea za viwandani ilipanda kiasi cha Serikali kulazimika kuanzisha ruzuku kwa wakulima, na ruzuku hiyo haikuwa na namna ya kumfikia mama mwenye matuta manne ya mchicha Mbagala.

Hapa ndipo jambo hili linapovuka ua wa nyumba. Machungwa ya Muheza, mananasi ya Kiwangwa, ndizi za Rungwe na maembe ya Mkuranga huingia jijini kila msimu yakiwa yamebeba madini ya udongo wa huko. Sisi tunakula nyama ya tunda, na kilichobaki kinapakiwa kwenye malori ya taka kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi, kikiwa kimechanganywa na chupa na nepi, ambako kinaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani. Tunalipia mafuta ya lori ili tupoteze mbolea. Wachagga katika vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, wamerudisha kwa vizazi vingi majani na migomba iliyokatwa kwenye shina la mgomba, na ardhi ile imeendelea kuwalisha watu wengi juu ya eneo dogo.

Mwanzo upo hata jijini kwetu, kwani Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga huko Mabwepande kiwanda cha kutengeneza mboji kutokana na taka za masokoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imezitaka serikali za mitaa kusimamia utenganishaji wa taka pale zinapozalishwa. Ninachoziomba halmashauri nyingine za jiji ni hatua ya awali isiyohitaji mitambo: kila soko la matunda liwe na eneo maalumu la mabaki ya matunda peke yake, na wauza juisi na wenye magenge waelekezwe kutoyafunga ndani ya mifuko ya plastiki, kwa kuwa mfuko mmoja uliochanikia ndani ya lundo huharibu kazi ya wiki nzima. Wenye bustani wa jirani waruhusiwe kuja kuyachukua asubuhi bila malipo, na maofisa ugani wa kata wapewe jukumu la kuwaonyesha namna ya kuyachanganya na majani makavu. Msimu wa maembe huanza mwezi Novemba, hivyo maandalizi hayo yafaa yawe yamekamilika kabla ya hapo.

Wako mtiifu,
Msomaji na mkulima wa bustani,
Mbagala, Dar es Salaam