Gogo la Kitonga

Makorora, Tanga
9 Juni 2025

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na wajukuu, na kwamba baridi ya Uyole ya mwezi huu haijakukaza viungo kama ilivyokuwa ikitukaza tulipokuwa vijana wa pwani tusiojua sweta. Huku Tanga sote hatujambo. Najua ungependa nikupigie simu kama ilivyo kawaida yetu, lakini nilichonacho leo hakisemeki kwenye simu, kwa sababu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika mwisho. Humu utakuta mambo mengi ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Nivumilie, yupo mtu mwingine aliyeomba niyaandike, nami nitamtaja.

Juma lililopita nilikuwa nikipita njia ya Pongwe, karibu na ule ua ambao tajiri wetu alikuwa akilaza magari, nikasikia mlio wa gesi ya kukatia chuma. Nilipochungulia getini nikaliona lori letu, lile Fiat, limekwisha kunyofolewa bodi na magurudumu, na vijana wawili wa chuma chakavu wanaikata chesisi vipande vya kubebeka. Warithi wameliuza kwa kilo. Sikuwalaumu, maana halijatembea tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, ila niliomba niachiwe nipande mara moja kabla moto haujafika kwenye kichwa. Usukani ulikuwapo, na mti wa gia ulikuwapo, umepinda vilevile kama tulivyouacha, lakini upande wetu matingo sakafu haikuwapo kabisa: nilipotaka kuweka mguu, niliona majani ya ukoka yameota chini yangu.

Hiyo ni kazi ya mbolea. Tangu kiwanda cha mbolea kilipoanza kazi hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, shehena yetu kubwa ya kwenda ilikuwa mifuko ya salfeti ya amonia kwa wakulima wa Iringa na Mbeya, na shehena ya kurudi ilikuwa mahindi. Mbolea ile ikishika unyevu huula chuma kama mchwa alavyo boriti, na mji wetu haujawahi kupungukiwa unyevu. Bodi tuliifagia, tukaimwagia maji, lakini ile tuliyoiingiza kabini kwa nyayo zetu hakuna aliyeikumbuka. Viganja vyetu navyo vilichanika mistari iliyotutoa machozi tulipokamulia samaki ndimu. Nawasikia wazee wenzangu barazani wakisema kwamba malori ya zamani yalikuwa ya chuma kizito yasiyokufa. Mimi niliyelala ndani ya lile nasema yalikuwa yakifa kila safari, nasi tukiyafufua kwa waya, sabuni na vipande vya tairi.

Hata hivyo nililipenda, na sitakuficha. Injini ilikuwa katikati ya kabini, kati ya dereva na sisi, na kifuniko chake ndicho kilichokuwa meza yetu na kitanda chetu. Kutoka Chalinze hadi Mikumi kiliunguza mapaja, lakini usiku wa Makambako, upepo ulipopenya kila tundu, hapakuwa na mtu aliyetaka kukaa mbali nacho, na wewe ulikuwa mwizi mkubwa wa nafasi ile. Viazi vitamu tulivyovifunga kwa majani ya mgomba na kuvibana karibu na bomba la moshi tulipotoka Mafinga, vilikuwa vimeiva kabla ya kufika Makambako, vina harufu kidogo ya dizeli, nasi tukavila hivyohivyo. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Waitaliano walioliunda lori lile, ingawa nchi yao huendesha upande wa kulia, waliweka usukani wa malori yao makubwa kulia vilevile, ili dereva aone ukingo wa barabara katika milima yao. Kumbe lilikuja kwetu tayari linaijua milima.

Mzee wetu, dereva, Mungu amrehemu, hakutaka gari jingine, kwa kuwa Fiat 682 ndiyo iliyomlea. Utakumbuka alivyokuwa akituhadithia, akiwa ameegemea gurudumu na kikombe cha chai ya rangi. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta haina njia ya kuaminika ya kuingiza mafuta na kutoa shaba upande wa kusini, na mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania ya kusafirisha mizigo kwa barabara, yenye malori ya Fiat. Mzee alikuwa miongoni mwa waliokwenda na mapipa ya mafuta wakarudi na shaba, katika njia ya vumbi ambayo wageni waliiita Njia ya Jehanamu. Wakati wa masika, alisema, malori yalipangana kwenye matope siku kadhaa, madereva wakapika chungu kimoja, na mwenye chumvi alikuwa mfalme. Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, lakini yeye alikuwa amekwisha kurudi nyumbani Tanga, na desturi za njia ile amekuja nazo. Ndiye aliyetufundisha kukata matawi mabichi na kuyalaza barabarani, mbali nyuma ya gari lililoharibika, ili anayekuja ajue kabla hajaona. Ndiye aliyetupa ile nondo ya kugongea matairi. Tairi lenye upepo wa kutosha hurudisha nondo na kutoa mlio, na lililopungua hunyamaza kama mtu aliyeulizwa deni. Ulikuwa ukigonga magurudumu yote kwa upande mmoja, naye amefumba macho kwenye kiti chake, kisha anasema, "La ndani, nyuma, rudia." Sikumbuki hata siku moja aliyokosea.

Sasa nifike Kitonga.

Ilikuwa Novemba 1977, tumebeba mbolea ya msimu. Tulipumzika Ruaha Mbuyuni tangu alasiri, kwa sababu mzee hakupenda kupanda na jua wakati injini inachemka, tukaanza mlima baada ya isha. Gia ya kwanza, mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Mimi na wewe tulitembea kwa miguu ubavuni mwa magurudumu ya nyuma, wewe upande wa mlima, mimi upande wa bonde, kila mmoja na gogo lake la kuzuia gurudumu begani, na moshi wote ukitujia usoni. Kwenye kona tulisikia mlio kama wa mti mkavu unaokatika. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imevunjika, na ilipovunjika ikaupiga mpira wa upepo wa breki. Injini ilinguruma bure. Mzee alikanyaga, breki ikashika kidogo, kisha tukasikia upepo ukivuja, na lori likaanza kurudi nyuma polepole, kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto. Breki ya mkono peke yake haikuweza kuuzuia mzigo ule. Alipiga kelele neno moja tu: "Gogo!"

Mimi nililitupa langu. Silikumbuki lilikoangukia, nadhani lilikwenda bondeni. Nilizunguka mbele ya lori mbio, nikajitupa kwenye mtaro wa upande wa mlima, na kutoka mtaroni ndipo nilipokuona katika mwanga wa ile taa nyekundu ya nyuma iliyokuwa ikiwaka nusunusu: umepiga goti moja, mikono yote miwili inasukuma gogo chini ya gurudumu, uso umeugeuzia pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Gurudumu lilipanda juu ya gogo karibu nusu yake, likatulia, likashuka, likasimama. Ulikaa palepale. Mzee aliposhuka, mimi tayari nilikuwa nimetoka mtaroni na jiwe kubwa mikononi, nikaliweka nyuma ya gurudumu la upande wangu, mahali ambapo lilikuwa halihitajiki tena. Jiwe hilo, Mbwana, ndilo nililolisimulia kwa miaka 48.

Siku tatu tulizokaa pale tukisubiri propela nyingine sitazirudia, isipokuwa kwamba tuliishi kwa vitunguu na ugali wa wasamaria wema, na kwamba kila dereva aliyepita kwenda pwani alisimama, akauliza, akachukua salamu zetu. Ndivyo habari ilivyomfikia tajiri. Alipokuja na fundi, akaliona gogo lilivyobonyea, aliuliza ni nani aliyeliokoa gari lake. Mzee alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Akajibu, "Vijana wameweka magogo." Hakusema "ameweka". Hakusema "gogo". Nilimtazama, naye hakunitazama. Tajiri akatupa shilingi 40 kila mmoja, nami zangu nilimnunulia mama doti ya kanga, ambayo aliivaa mtaani kwa majivuno kwa sababu mwanawe ni shujaa wa Kitonga.

Kioo cha pembeni cha upande wa bonde kilikuwa kizima usiku ule. Nimekifikiria mara nyingi kioo hicho.

Mwaka uliofuata mzee alikuchagua wewe kukufundisha usukani. Nilinuna miezi mitatu, nikasema kwa watu kwamba anakupendelea kwa kuwa mmetoka kijiji kimoja, nikaacha safari na kufungua ule ubao wangu wa kuziba pancha pale Ngamiani. Maneno hayo najua yalikufikia, maana mji wetu ni mdogo. Wewe hukuniuliza. Ulipopita na lori ulisimamisha, ukaniletea tairi la kuziba hata ambalo lingeweza kusubiri. Sijawahi kujua kama usiku ule hukuniona, kwa vile uso wako ulikuwa umeugeuza, au kama uliniona ukanisitiri. Hilo ndilo ninalokuuliza.

Nalo lisingenitoka hata leo kama si mjukuu wa mzee. Kijana huyo ni dereva sasa, huenda Kolwezi kuchukua shaba, kwa hiyo utaona kwamba mzigo ni uleule wa babu yake. Gari lake linabadili gia lenyewe, na tajiri wake humwona kwenye simu kila aliposimama. Tatizo lake kubwa, anasema, ni foleni ya Tunduma, ambapo dereva hulala siku kadhaa bila hata tope la kumzuia. Alinikuta pale uani nikiwa bado nimekaa kwenye kiti cha utingo, miguu inaning'inia kwenye ukoka. Aliniambia kwamba babu yake alikuwa akiwasimulia nyumbani jinsi vijana wake wawili walivyoweka magogo Kitonga, na akataka kujua, kati yetu, ni nani aliyetangulia kuweka lake. Aliuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza tarehe.

Nilimwambia kwamba nitaandika yote, kwanza kwako. Akaomba nakala. Wale vijana wa gesi walinipa kirungu cha mti wa gia, nami nikampa yeye, kwa sababu sikuona ningekiweka wapi nyumbani kwangu. Nakala ya barua hii sijampa. Itakaa kwenye sanduku hadi wewe uniruhusu, kwa kuwa humo umo na wewe pia, na huenda una lako la kusahihisha.

Jambo moja dogo kijana aliniuliza, nikashindwa: gogo lilikuwa la mti gani? Mimi nasema mvule, lakini uzito ninaoukumbuka begani ni wa mpingo. Nawe ndiwe uliyelichonga. Usinipigie simu. Andika, umpe kondakta wa basi la Tanga, na mimi nitakwenda stendi kuipokea.

Wasalaam,
Nduguyo Athumani