Shukran mzee wa pale Jaws Corner
Jamani naomba nimshukuru mzee mmoja wa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, jina sikumuuliza. Juzi nilikaa barazani na kaka'angu, toka msiba wa baba tulikuwa hatuongei zaidi ya salamu. Mzee akatuagizia kahawa na kashata, akanambia "mwanangu hiyo simu itie mfukoni, mtazame nduguyo", kisha akajisogeza mbali na akawaomba wale wa dhumna wapunguze kelele. Kaka akakizungusha kikombe weee mpaka kahawa ikapoa, ndo akaanza kusema, na mi nikanyamaza tu nimsikilize. Tumeongea hadi adhana ya isha. Mzee wangu shukran sana, Mungu akuzidishie, wallahi umenirudishia ndugu yangu.