Risala ya Klabu ya Sayansi ya Shule ya Msingi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule, wazazi na wanafunzi: tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mazito.

Klabu ilianzia chini ya mwembe ikiwa na watoto wachache. Leo ni mfano wa kuigwa katika kata nzima. Mtoto wetu hakariri neno msuguano. Anateremsha gari lake la dumu, lenye magurudumu ya kandambili, likimbie kwanza kwenye saruji, kisha kwenye mchanga. Anapima kwa kamba na kukueleza kwa nini huku limekwama. Kigari cha puto ulichokiona mezani kinasukumwa mbele na hewa inayotoka nyuma. Hiyo ni kanuni ya tatu ya Newton, ya mwaka 1687, na aliyekiunda yuko darasa la tano. Wazazi waliolalamika kuwa tunawachezesha watoto badala ya kuwafundisha, sasa ndio wanaotuletea waya na visoda.

Mheshimiwa, pamoja na mafanikio hayo makubwa, hatuna chumba. Vifaa vinalala ndani ya maboksi chini ya meza za walimu. Masika iliyopita paa lilivuja, na kazi za watoto za maboksi zikawa uji. Kipindi ni dakika 40, na sehemu kubwa inaishia kwenye kubeba na kurudisha.

Wazazi hawakukaa kusubiri. Walifyatua tofali, wakapandisha boma unaloliona nyuma ya jukwaa hadi hatua ya lenta. Mgeni rasmi aliyekutangulia, ambaye tunamheshimu sana, aliahidi mabati akiwa amesimama hapo hapo ulipo. Watoto walimwimbia. Tulipomwandikia barua, tulijibiwa kuwa jambo linashughulikiwa. Kabla yake tuliahidiwa mbao. Mpaka leo boma halina bati hata moja, majani yameota ndani, na kila msimu wa mvua unakula tofali za wazazi hawa waliokaa mbele yako.

Kwa hiyo hatukuletei orodha ndefu. Tunaomba mabati 54 ya geji 28, mbao za kenchi, na mlango wenye kufuli. Fundi tunaye, na nguvukazi itatolewa na wazazi. Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba pia, utakapotujibu, ututajie na tarehe. Katibu wa kamati amekwisha kufungua daftari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.