Usipatanishe Injili kwa nguvu

Bukavu

Ndugu yangu,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa shirika lenu lote, jumuiya yenu ndogo ya kanisa, huko Goma. Barua yako imefika. Unauliza: kama Matayo anataja vipofu wawili na Marko anataja mmoja, utasimamaje mbele ya watu useme kwamba kipofu aliona kweli? Swali hilo si dhambi, na hupaswi kulificha. Ila kwanza lisogeze karibu na maandiko yenyewe.

Chukua ukurasa wa daftari, uulaze, upige mistari mitatu ili upate safu nne. Anza na kulishwa kwa watu 5,000, maana ukiacha ufufuko, ndio muujiza pekee ulio katika Injili zote nne: Marko 6:30-44, Matayo 14:13-21, Luka 9:10-17, Yoane 6:1-15. Mtangulize Marko, wataalamu wengi wanamhesabu kuwa wa kwanza kuandika, karibu na mwaka 70. Nakili sentensi kwa sentensi huku kitabu kiko wazi. Usiandike kwa kichwa, kwa sababu kichwa kimeshazichanganya zote nne tangu katekesi, na hapo ndipo kazi huharibika.

Utakuta mikate 5, samaki 2 na vikapu 12 katika kila safu. Majani mabichi yamo kwa Marko peke yake. Dinari 200 ziko kwa Marko na Yoane. Matayo ndiye anayeongeza kwamba wanawake na watoto hawakuhesabiwa. Kijana na mikate ya shayiri ni vya Yoane tu. Shayiri ilikuwa chakula cha maskini, na neno la Yoane la Kigiriki kwa wale samaki, opsarion, ni kidogo cha kuteremshia mkate. Kiswahili chetu kina neno lake hasa: kitoweo. Usiwaze samaki mkubwa wa kuchoma. Waza sambaza kavu wawili, wale dagaa wa ziwa Kivu, pembeni ya bugali, mbele ya umati.

Hapo hapo shaka yako itaongezeka. Fungua 2 Wafalme 4:42-44: nabii Elisha analisha watu 100 kwa mikate 20 ya shayiri, nao wanakula na kusaza. Msomaji wa kwanza aliyemjua Elisha alisikia mwangwi huo bila kuambiwa. Je, Yoane aliipamba habari ili ifanane, au ndivyo ilivyokuwa? Karatasi haitakujibu. Waonyeshe watu mwangwi huo wewe mwenyewe, kabla hawajaukuta peke yao na kudhani uliwaficha.

Sasa vipofu wako wa Yeriko. Marko 10:46: Yesu anatoka mjini, kipofu ni mmoja na anaitwa Bartimayo. Luka 18:35: Yesu anakaribia mji. Matayo 20:29-30: anatoka, na vipofu ni wawili. Wako wanaotaka kuokoa mambo kwa kuhesabu miujiza mitatu tofauti. Usiwafuate. Kila mmoja kati ya hao watatu anaandika kwamba kipofu alinyamazishwa na watu, akazidi kupaza sauti. Ukianza kugawa vipofu kwa milango ya mji, kelele ile inapotea, na ndiyo kiini cha habari.

Mimi huyapa uzito zaidi yale ambayo mtu anayetunga sifa asingeyaandika. Marko 6:5 inasema kwamba huko Nazareti Yesu hakuweza kufanya mwujiza, ila aliponya wagonjwa wachache. Matayo 13:58 inalainisha: hakufanya mengi. Marko 8:22-26 ina kipofu wa Betsaida ambaye baada ya kuguswa mara ya kwanza anaona watu kama miti inayotembea, ikabidi aguswe tena. Matayo na Luka hawana habari hiyo. Na katika Marko 3:22 wapinzani hawasemi kwamba hakuna kilichotokea. Wanasema ametumia nguvu za Belzebuli, mkuu wa pepo. Haya hayamalizi ubishi, lakini hayafanani na hadithi iliyosafishwa.

Angalia pia mahali maandiko yenyewe yanapoyumba. Marko 16:9-20, penye kushika nyoka na kunywa sumu, hapamo katika Sinaiticus wala Vaticanus, nakala mbili kubwa za karne ya 4. Usijenge fundisho hapo. Malaika wa Yoane 5:4, yule anayetibua maji, naye hayumo katika nakala za kale zaidi. Lakini birika lenyewe la Betesda, ambapo Yesu alimponya mgonjwa, limechimbuliwa Yerusalemu, karibu na kanisa la Mtakatifu Anna: mabwawa mawili yenye ukuta kati yake, ndiyo maana matao matano anayoyataja Yoane yanawezekana. Hilo linathibitisha mahali, halithibitishi kwamba mgonjwa alitembea.

Jambo linaloniuma ni lile ulilogusa mwishoni mwa barua yako, la wagonjwa kuambiwa wamebaki wagonjwa kwa kukosa imani, hata wengine wakaacha dawa. Soma tena. Mgonjwa wa Betesda hakumjua aliyemponya (Yoane 5:13). Aliyepooza anaponywa Yesu alipoona imani yao, yaani pamoja na waliombeba (Marko 2:5). Binti wa Yairo, wa miaka 12, alikuwa amekwisha kufa. Katika habari hizi, mgonjwa hatupiwi lawama ya kukosa imani.

Kwa Jumapili basi chukua Marko 9:14-29, habari ya baba na mwanawe mgonjwa. Kwenye mstari wa 24, baba anapolia, usiharakishe: «Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu!» Mtoto anaponywa baada ya maneno hayo, si baada ya baba kusahihishwa. Nyamaza kidogo, kisha waache wazazi wa watoto wagonjwa waseme wa kwanza, kabla ya wazee wa shirika.

Ukimaliza zile safu nne nitumie nakala kwa yeyote anayeshuka na boti. Nataka kuona uliweka nini kwenye safu ya Luka.

Nduguyo wa Kadutu